Je, Hii Nayo ni Lugha?

Wahenga walisema kwamba asiyekujua hakuthamini. Methali hii tuliisoma tukiwa shuleni, tukawaeleza wanachuo wetu maana yake kwa miaka kadhaa, kisha tukaivunja sisi wenyewe kwa wino mwekundu. Katika makala haya tumekusudia kueleza jinsi tulivyoivunja. Hatufanyi hivyo kwa kuwa kosa letu lina uzito wa pekee, bali kwa kuwa ni kosa linalomnyemelea kila mwalimu wa shule ya msingi atakayepangiwa kufundisha somo la kompyuta.

Habari yenyewe ni hii. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, wanachuo wawili walituletea maandalio yao ya masomo ili tuyapitie kabla hawajaingia darasani. Wote wawili walikuwa wamepangiwa shule moja, darasa la tano, kila mmoja na mkondo wake. Wote wawili walitaka kuwafundisha watoto mwanzo wa kutunga programu, yaani kuipa kompyuta amri zinazofuatana kwa mpango ili itimize kazi fulani. Shule ilikuwa na kompyuta 4 zinazofanya kazi, na kila mkondo ulikuwa na watoto wapatao 50. Mwanachuo wa kwanza, kijana wa kiume, alichagua lugha ya kompyuta iitwayo Rust. Wa pili, binti mpole asiyependa kubishana, alichagua lugha iitwayo Scratch.

Juu ya andalio la yule kijana tuliandika, "Vizuri sana." Juu ya andalio la yule binti tuliandika, "Je, hii nayo ni lugha? Hiki ni kichezeo. Chagua lugha kamili." Yafaa tuseme kweli hapa: tulipokuwa tukiandika maneno hayo hatukuwa tumewahi kutunga hata programu moja kwa Rust, wala hatukuwa tumewahi kuifungua Scratch. Tulichokuwa nacho ni uvumi tu. Tulisikia watunga programu wakiisifu moja na kuicheka nyingine, nasi tukayachukua maneno yao tukayafanya hukumu yetu.

Sifa za Rust zilitoka wapi? Lugha hii ni changa. Ilianza mwaka 2006 kama kazi ya binafsi ya fundi mmoja, Graydon Hoare, baadaye ikasaidiwa na shirika la Mozilla, na toleo lake la kwanza lililohesabiwa kuwa kamili lilitoka tarehe 15 Mei, 2015. Ilitungwa ili kuondoa adha ya siku nyingi. Katika lugha za zamani kama C, mtunga programu hugawa mwenyewe nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta, na akikosea kidogo tu, programu huanguka au hufungua mlango kwa wezi wa habari. Rust huikagua programu kabla haijaanza kufanya kazi, na ikiona nafasi ya kumbukumbu inatumiwa na mtu asiyestahili, huikataa. Mafundi waliokuwa wamechoshwa na makosa hayo waliipenda sana. Tangu mwaka 2016, katika kura ya maoni inayoendeshwa kila mwaka na Stack Overflow, Rust imekuwa ikiongoza miongoni mwa lugha ambazo watumiaji wake wanataka kuendelea kuzitumia. Mwezi Desemba 2022 iliruhusiwa kuingia katika kiini cha Linux, ambacho kwa miaka thelathini kilikuwa kimeandikwa karibu chote kwa C. Hizo ni sifa za kweli, na hatuna nia ya kuzipunguza.

Lakini tazama vizuri swali linaloulizwa katika kura hiyo. Huulizwa wale ambao tayari wanaitumia lugha, kama wangependa kuendelea nayo. Waliojaribu wakashindwa hawasikiki sana hapo, na watoto wa darasa la tano hawakuulizwa kabisa. Upendo wa fundi kwa chombo chake ni ushahidi kwamba chombo kinafaa kazi ya fundi huyo. Haushuhudii zaidi ya hapo. Randa inayosifiwa na seremala haiwi kwa sababu hiyo chombo cha kumpa mtoto anayejifunza kushika kipande cha mbao kwa mara ya kwanza.

Na kejeli juu ya Scratch zilitoka wapi? Scratch ilitolewa kwa watu wote mwaka 2007 na kikundi kinachoongozwa na Mitchel Resnick katika chuo cha MIT, huko Marekani, hasa kwa ajili ya watoto wa miaka 8 hadi 16. Humo amri haziandikwi herufi kwa herufi. Kila amri ni kipande chenye rangi, na mtoto huviunganisha vipande hivyo kwa kuvikokota kwenye kioo cha kompyuta, kimoja chini ya kingine, kama mtu apangavyo matofali. Vipande visivyopatana havishikani. Anayetii amri hizo kwanza ni paka wa katuni. Mtunga programu mzoefu akimwona paka yule na rangi zile, hucheka. Husema kwamba lugha isiyoandikwa si lugha.

Kicheko hicho kina historia ndefu. Mwaka 1964, katika chuo cha Dartmouth, John Kemeny na Thomas Kurtz waliitunga BASIC ili wanafunzi wasio wa sayansi nao waweze kuitumia kompyuta. Mwaka 1975 mwanasayansi maarufu wa Kiholanzi, Edsger Dijkstra, aliandika kwamba wanafunzi walioanza na BASIC wamekwisha kuharibika akili, na kwamba karibu haiwezekani kuwafundisha kutunga programu vizuri. Hata hivyo wengi walioanza na lugha hiyo walikuja kuwa mafundi hodari. Mwaka 1967 ilitungwa Logo, na miongoni mwa watunzi wake walikuwa Seymour Papert, Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon. Papert alikuwa amefanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, yule yule ambaye kila mwanachuo humsoma katika saikolojia ya elimu. Kutoka kwa Piaget alichukua imani kwamba mtoto hujenga maarifa yake mwenyewe kwa kutenda, naye akampa mtoto kobe wa kuongozwa kwa amri. Kobe huyo naye aliitwa kichezeo. Resnick alifanya kazi na Papert kwa miaka mingi, na kwa hiyo paka wa Scratch ni mjukuu wa kobe wa Logo. Kila kizazi cha watunga programu kimekuwa na lugha yake ya kucheka, na mara nyingi ni ile iliyofungua mlango kwa watu wasiokuwamo.

Sasa turudi darasani, maana huko ndiko hukumu zetu zilikopimwa.

Yule kijana aliingia na Rust yake. Alikuwa amejiandaa barabara, na ubao aliupanga vizuri. Aliwataka watoto watunge programu ya kuhesabu kutoka 1 hadi 10. Katika Rust, jina likishapewa thamani, thamani hiyo haibadiliki isipokuwa mtungaji ametangaza wazi tangu mwanzo kwamba itabadilika. Kwa fundi, kanuni hii ni kinga, kwa sababu humzuia kubadili kitu bila kukusudia. Kwa watoto wale ilikuwa ukuta. Waliandika walivyofahamu wao, na mashine ikawajibu kwa mistari ya Kiingereza kuhusu mambo ambayo mwalimu hakuwa amepata nafasi ya kuyagusa. Vipindi viwili vilikwisha mwalimu akipita kutoka kompyuta moja hadi nyingine akisahihisha alama za nukta na mabano. Mtoto mmoja alituuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, imekasirika?" Tulicheka, lakini moyoni tuliona haya, kwa kuwa andalio lile tulikuwa tumelisifu sisi.

Yule binti naye alitii wino mwekundu. Hakwenda na Scratch, wala hakuwa na muda wa kujifunza lugha nyingine. Alifundisha sehemu za kompyuta kwa imla. Watoto wakaandika "kibodi", wakaandika "kipanya", wakaandika "kioo", na kompyuta zile 4 zikabaki zimefunikwa vitambaa. Kwa dakika 80 hakuna mkono wa mtoto uliogusa chochote isipokuwa kalamu. Baada ya kipindi tulimuuliza kwa nini hakubuni zoezi la vitendo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Shikamoo, Mwalimu, usinielewe vibaya. Zoezi nilikuwa nalo. Uliniandikia ni kichezeo, nikaona aibu kusimama nacho mbele ya watoto."

Jibu hilo lilituuma, na hadi leo tunalikumbuka. Mwalimu anayeona haya juu ya chombo chake hawezi kufundisha nacho. Aibu ile hakuja nayo chuoni. Ilitoka kwa watunga programu wasiomjua, ikapita mikononi mwetu, ikafika kwake ikiwa na saini yetu.

Jioni ile tulimwomba binti atufundishe sisi. Tuliketi mbele ya kompyuta ya chuo, naye akatuonyesha amri moja baada ya nyingine. Tuligundua kwanza kwamba Scratch inaweza kuwekwa katika kompyuta na kutumiwa pasipo intaneti, jambo lenye uzito mkubwa kwa shule zetu, na kwamba hailipiwi. Tuligundua pili kwamba katika orodha yake ya lugha, Kiswahili kimo. Tuligundua tatu kwamba ndani ya vipande vile vya rangi mna mambo yale yale yaliyomo katika lugha za wakubwa: amri zinazofuatana, kurudia, sharti, na majina yanayobeba thamani. Baadaye tulipata habari kwamba hata Chuo Kikuu cha Harvard, katika somo lake maarufu la mwanzo la kompyuta, huwaanzisha wanafunzi wake kwa Scratch kabla ya kuwapeleka kwenye C.

Isije ikadhaniwa kwamba tulitoka katika dharau tukaingia katika ushabiki. Wanaoicheka Scratch hawakukosea kila jambo. Hapo mwanzo haikumruhusu mtoto kutengeneza kipande chake mwenyewe, yaani kukusanya amri kadhaa na kuzipa jina moja. Upungufu huo ulikuwa wa kweli, na ulirekebishwa katika toleo la pili la mwaka 2013. Hali kadhalika, mwaka 2011 watafiti Meerbaum-Salant, Armoni na Ben-Ari walionyesha kwamba baadhi ya watoto wanaojifunza kwa Scratch huzoea kurundika vipande bila mpango na kuigawa kazi vipande vidogo mno. Watafiti hao hao, mwaka 2015, walieleza kwamba wanafunzi waliopitia Scratch walipofika sekondari na kuanza lugha za kuandikwa, walizielewa mada mpya kwa muda mfupi zaidi na kwa taabu ndogo zaidi, na walikuwa na hamu na imani kubwa zaidi juu ya uwezo wao. Hata hivyo, mwishoni mwa mafunzo alama zao hazikutofautiana sana na za wenzao. Mwaka huo huo David Weintrop na Uri Wilensky waliwauliza wanafunzi wa sekondari nchini Marekani maoni yao juu ya lugha za vipande. Wengi walisema ni rahisi, lakini pia walisema haina nguvu kama lugha za kuandikwa, na kwamba haifanani na kazi ya kweli ya watunga programu. Kumbe wanafunzi nao husikia kicheko cha wakubwa. Basi mwalimu asijidanganye kwamba heshima ya chombo haina uzito darasani. Ina uzito, na ni juu yake kuilinda kwa kuonyesha kazi inayotoka humo.

Wiki iliyofuata tulirudi shuleni pamoja na binti. Andalio lake la kwanza tulilirudisha mezani, na ile sentensi ya wino mwekundu tuliifuta sisi wenyewe mbele yake. Watoto waligawanywa makundi 4, kila kundi kompyuta moja, wakipokezana kipanya, na waliokuwa wakisubiri zamu walitembea uani kufuata amri zile zile kwa miguu: hatua mbele, geuka, hatua mbele, geuka. Kazi ilikuwa kumwamuru paka achore mraba. Baada ya majaribio machache waliona kwamba yatosha kurudia mara 4 amri mbili: nenda hatua 100, geuka nyuzi 90.

Ndipo mtoto mmoja wa kike akataka pembetatu. Alikuwa amejifunza kwamba pembetatu yenye pande sawa ina pembe za nyuzi 60, kwa hiyo akaandika kurudia mara 3, geuka nyuzi 60. Paka akachora mistari mitatu isiyokutana. Wenzake wakacheka. Mwalimu hakumpa jibu. Alimwambia asimame, atembee pande za pembetatu iliyochorwa ardhini, na ajitazame anageuka kiasi gani kila anapofika kwenye kona. Mtoto akatembea mara mbili, akasimama, akasema, "Mwalimu, mimi sigeuki ile ya ndani. Nageuka ya nje!" Akarudi, akabadili 60 kuwa 120, na pembetatu ikafunga. Kijana mwingine, kwa utundu tu, aliiacha 60 kama ilivyokuwa akaongeza idadi ya kurudia hadi 6. Likatokea umbo la pande sita. Hapo mwalimu alikwenda ubaoni akaandika 4 mara 90, 3 mara 120, 6 mara 60, akawauliza watoto wanaona nini. Zikapita dakika mbili za mnong'ono kabla sauti kadhaa hazijatamka kwa pamoja: 360.

Tumekuwa tukifundisha mbinu za hisabati kwa muda, na jumla ya pembe za nje tumeieleza ubaoni mara nyingi. Hatukuwahi kuiona ikigunduliwa na watoto wa darasa la tano. Iligunduliwa siku ile kwa kile tulichokuwa tumekiita kichezeo.

Yule kijana wa Rust alikuwa amekaa nyuma ya darasa akiandika. Hatukumshauri aitupe lugha yake. Aliipenda na aliijua, na huenda siku moja ikampa kazi kubwa. Tulimwambia tu kwamba kosa la somo lake lilikuwa letu kabla halijawa lake.

Sisi tunaofundisha kwa Kiswahili tulipaswa kuwa wa kwanza kulitambua kosa hili. Lugha yetu nayo iliambiwa kwamba yafaa sokoni na katika ngoma, haifai kubeba hesabu wala sayansi. Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, kazi mojawapo iliyolingoja ilikuwa kushughulikia istilahi, na hata leo wako wanaouliza swali lile lile tuliloandika kwa wino mwekundu. Aliyewahi kuulizwa swali hilo juu ya lugha yake angefikiri mara mbili kabla ya kumuuliza mwingine.

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, utakaposikia lugha fulani changa ikisifiwa mno au ikichekwa mno, twakushauri ufanye mambo matatu kabla ya kuandika andalio lako. Kwanza, uliza ilitungwa kwa ajili ya nani na ili kuondoa tatizo gani. Lugha iliyotungwa kumlinda fundi na iliyotungwa kumkaribisha mtoto haziwezi kupimwa kwa mizani moja. Pili, uliza anayeisifu au kuicheka ni nani, anafanya kazi gani, na kama amewahi kuitumia mbele ya watoto 50 na kompyuta 4. Tatu, na hili ndilo kubwa, itumie wewe mwenyewe. Ketini nayo jioni moja, wewe na mwenzako, mtunge jambo dogo, mkosee, mrekebishe. Maneno ya watu ukiisha kuyasikia yote, weka kalamu chini uijaribu.

Andalio lile bado tunalo ofisini. Tulipoifuta ile sentensi karatasi ilichubuka, na alama yake ingali inaonekana. Kila mwaka, kabla wanachuo hawajakwenda mazoezini, tunalitoa na kuliweka mezani ndipo tuanze kusahihisha.